Mikungu Saba ya Kizuizini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Septemba 2004, wanawake saba wa Kiboriloni walipanda lori bila ndizi hata moja. Haikuwa kawaida yao. Kila Jumanne lori hilo liliwapeleka mpakani wakiwa wamekalia mikungu ya mshare, ndizi za kupika ambazo wanunuzi wa Taveta, upande wa Kenya, walizigombania. Leo walivaa nguo za kanisani. Beatha, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa pembeni ya mama yake, amekumbatia mfuko wa madaftari.

"Mama Beatha, umejipaka mafuta hivyo, wabunge watakuposa!" alisema Mama Elinipendo, mwenyekiti wao.

"Waje tu. Mahari iwe ng'ombe, lakini wasipitie kizuizini, watafika wamepungua."

Wanawake walicheka. Beatha hakucheka.

Kizuizi kilichotajwa kilikuwa kamba iliyovuka njia ya wachuuzi, mbali na kituo kikubwa cha Holili. Hapo mlinzi alimlazimisha kila mwanamke kuacha mkungu mmoja "wa kufungulia kamba". Walilalamika mara mbili. Wakaguzi walitoka Moshi, wakapekua kibanda cha mlinzi, wasikute hata ganda. Mikungu ilikuwa imeshavushwa kwa mkokoteni hadi nyuma ya kibanda cha mlinzi mwenzake wa Kenya, na wakaguzi wa Moshi hawakuwa na mamlaka huko. Mlinzi wa Kenya naye alipoulizwa na wakubwa wake alijibu, "Ndizi hizi nimenunua Tanzania. Kaulizeni huko."

Ndiyo maana mwaka huo wabunge wa nchi zote mbili waliunda kamati moja. Waliuliza maswali yaleyale pande zote mbili za mpaka, kisha wakaweka majibu juu ya meza moja.

Maelezo ya wanawake wa Kiboriloni yaliandikwa na Beatha, kwa kuwa katika darasa zima la sita hakukuwa na anayemfikia kwa insha. Wiki iliyotangulia aliandika kwa penseli kila mama alichosema, akaweka tarehe. Nyumbani alipokuwa akinakili kwa kalamu, kaka yake Faustin wa kidato cha pili alichungulia begani kwake.

"Mkungu mmoja? Watu watoke Dodoma na Nairobi kwa ajili ya mkungu mmoja? Tia chumvi, dada!"

Beatha alifikiri, akaona kaka yake amesema kweli. Kila palipokuwa na "mmoja" aliandika "mitatu". Wanawake walitia sahihi bila kusoma tena. Walimwamini, na karatasi ikapelekwa kwa kamati.

Saa nne kamili kikao kilianza katika ukumbi wa shule jirani na mpaka. Wabunge sita walikaa meza ya mbele, watatu wa Tanzania, watatu wa Kenya. Walinzi wale wawili wa mpakani walikaa karibu na dirisha. Mheshimiwa Mwakio, mbunge kutoka Kenya, aliweka karatasi mbili sambamba.

"Wanunuzi wa Taveta wanasema Jumanne ya tarehe kumi Agosti waliona mkokoteni ukivuka na mikungu saba. Karatasi ya Kiboriloni inasema siku hiyo kila mama alinyang'anywa mitatu. Akina mama saba, mikungu ishirini na mmoja. Hiyo mingine kumi na minne iko wapi?"

Mlinzi wa Tanzania alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama Odilia," alisema Mheshimiwa Flavia, mbunge wa Tanzania aliyeongoza kikao, "ulitoa mingapi?"

"Mmoja, mheshimiwa," alijibu mama yake Beatha.

"Na hii ni sahihi yako?"

Mama aliisogelea karatasi, akasoma. "Sahihi ni yangu. Lakini mitatu... sikusema mitatu."

"Waheshimiwa," mlinzi alidakia, "si niliwaambia hawa ni waongo?"

Beatha alielewa. Neno lake moja lilikuwa linawaokoa walinzi na kumfanya mama yake mwongo mbele ya nchi mbili. Alisimama.

"Shikamooni, waheshimiwa. Aliyeandika mitatu ni mimi. Mama zangu walisema mmoja. Nilidhani mmoja ni kidogo mno, hamtajali."

"Marahaba," alisema Mheshimiwa Mwakio. "Lakini sasa umeshasikia hesabu ya Taveta. Nitajuaje kwamba hubadilishi ili zilingane?"

Beatha alitoa daftari la penseli mfukoni, akalipeleka mezani. Mheshimiwa Mwakio alisoma polepole, akahesabu kwa kidole, akampa jirani yake. Daftari lilizunguka meza nzima.

"Majina saba, mikungu saba," alisema hatimaye. "Na tarehe iliyoandikwa ni ya kabla hatujafungua karatasi za Taveta. Zinalingana."

"Ee mae!" Mama Elinipendo alishangaa kwa Kichagga, akashusha pumzi hata mbunge mmoja akacheka. Tabasamu la mlinzi lilikuwa limetoweka.

Mheshimiwa Flavia alimwamuru Beatha kurekebisha kila "mitatu", na kila mama akaweka sahihi pembeni. Kisha akamgeukia.

"Mwanangu, mkungu mmoja ni wizi tayari. Haukuhitaji kuongezewa miwili. Sisi wa nchi mbili tunakamata wezi kwa kulinganisha alichoona huyu na alichoona yule. Ukiongeza chako, unavunja ushahidi wa wote. Sema ulichokiona, kisha nyamaza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyofanya leo."

"Nimeelewa, mheshimiwa. Mama, nisamehe."

Mama Odilia alijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nyumbani tutaongea, wewe na huyo kaka yako," alisema, lakini alimvuta akamketisha karibu.

Tarehe kumi na mbili Oktoba barua ya kamati ilisomwa sokoni Kiboriloni. Walinzi wote wawili walikuwa wameondolewa kazini na kufunguliwa mashtaka, kila mmoja katika nchi yake, kwa ushahidi uleule. Jumanne iliyofuata wanawake saba walifika kwenye kamba. Mlinzi mpya alikagua vibali vyao, akaifungua kamba, nao wakavuka na mikungu yao yote.