Maua Yanayowaka

Mama alikuwa anapinda suruali ya mteja kwa cherehani, binti yake aliporudi kutoka shule na kitambaa kikubwa cheupe.

"Hicho cha nini?"

"Cha meza ya maonyesho. Wavulana wanaunganisha taa na betri. Sisi wasichana tumeambiwa tutarizi maua."

"Na somo la umeme?"

"Mwalimu anasema tutaangalia wao wakimaliza."

Mama akasimamisha cherehani. Mtoto huyu kila siku hufungua tochi ya nyumbani na kuifunga tena, leo anaambiwa aangalie! Cherehani hiyo ndiyo inayolisha nyumba nzima, na sasa mtu anaufanya ushonaji kisingizio cha kumnyima binti somo.

Alimwita wifi yake, fundi redio.

"Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, wifi," alisema shangazi. Akatoa uzi mwembamba wa chuma. "Huu unapitisha umeme kama waya, ila unashoneka. Utoke upande mmoja wa betri, upite kwenye taa, urudi upande wa pili."

Binti akashona. Mwishoni akarudia mshono ili usifumuke, kama mama alivyomzoesha. Alipoweka betri, taa haikuwaka.

"Toa betri, isije ikapata moto," shangazi alisema. "Ona, uzi wa kwenda umegusa uzi wa kurudi. Umeme umekatiza hapo, haukufika kwenye taa. Usiache zigusane."

Binti akafumua, akashona upya. Taa ikawaka katikati ya ua alilolitarizi.

Asubuhi mama alikwenda shuleni, akakitandika kitambaa mbele ya mwalimu.

"Mama, mimi niliwapa wasichana wanachokipenda," mwalimu alisema.

"Uliwauliza?"

Mwalimu akainama kukagua mshono.

"Na wavulana, nani kakwambia hawataki sindano? Ufundi huu nimefundishwa na baba yangu. Usiutumie kumfungia mtoto wangu mlango."

"Hapo nimekosea, mama," mwalimu akasema.

Tangu siku hiyo watoto walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alishona, mwenzake akajaribu betri, kisha wakabadilishana. Wavulana walichomwa na sindano wakazoea. Wasichana waliunguza taa mbili tatu wakajifunza.

Siku ya maonyesho meza nzima iliwaka taa. Mzazi mmoja alimsifu binti, "Umetarizi vizuri sana."

"Maua haya ameyatarizi yule kaka pale," binti alijibu. "Mimi nimeunganisha umeme."