Jedwali Kwenye Kioo cha Kinyozi

Kila siku baada ya masomo, Jicho alipitia kibandani kwa mjomba wake, kinyozi. Kazi zake alizijua kwa mpangilio: kutundika mkoba nyuma ya mlango, kufagia nywele, kuosha vitana, kisha kufuta mashine kwa spiriti. Akimaliza, aliketi kwenye benchi na kufanya kazi za shule. Jina la Jicho alipewa na mjomba mwenyewe, kwa sababu hakuna maandishi yaliyompita msichana huyo. Alisoma ya kwenye chupa za dawa, ya kwenye mifuko ya sukari, hata yale madogo kama mayai ya chawa ambayo huandikwa chini kabisa ili yasisomwe.

Siku hizi kufagia kulikuwa kwepesi, na hilo ndilo lililomkera. Nywele za kufagia zilikuwa chache. Mjomba alikuwa amejiunga na programu ya kubashiri mechi kwenye simu, na simu hiyo haikuishiwa na maneno. Tin! Goli. Tin! Kona. Tin! Cheza sasa. Kila ilipolia, mashine ilisimama hewani na mteja akabaki na kichwa nusu.

"Fundi, mimi nina safari," mteja mmoja alilalamika.

"Dakika moja tu, kaka. Ni kona hii."

"Na hii kona uliyoniachia kichwani?"

Mteja huyo hakurudi tena. Wengine wawili wa siku nyingi walikuwa wameshahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Jicho aliwaona wakipita wakiangalia pembeni, kama watu wanaodaiwa salamu. Alijua kwamba mambo yakiendelea hivyo, kiti cha mjomba kingebaki kuzungushwa na upepo.

Jumatano, mwalimu wa hisabati aliwapa kazi ya kuwasilisha Jumatatu. "Tafuteni kitu ambacho nyumbani kwenu wanataka kukichagua. Linganisheni aina tatu kwa jedwali, kisha mpendekeze moja." Mmoja akachagua sabuni, mwingine betri za redio. Jicho alitaka kulinganisha mashine za kunyolea.

"Mashine ninayo," mjomba alisema. "Nilinganishie programu hizi za kubashiri." Akamsogezea simu. "Hii ya kijani ina nuksi. Kuna ya njano na ya bluu. Ipi bora?"

"Bora ni kuacha, mjomba."

"Nimekuuliza ipi. Sijaomba mahubiri."

Jicho alisonya, ila moyoni tu, maana mjomba ni mjomba. Kisha wazo likamjia. Huenda ikapatikana programu ya haraka, isiyo na kelele. Mjomba angecheza, angemaliza, angerudi kwenye vichwa vya watu. Kwa hesabu hiyo akakubali.

Mjomba akamtajia maswali. Kujiunga kunachukua muda gani? Bonasi ya kukaribishwa ni kubwa kiasi gani? Mechi ni nyingi? Jicho akaongeza moja lake: inalia mara ngapi kwa siku? Akachora jedwali kwa rula, mistari ikanyooka kama uzi.

Alipokuwa akiipitia ile ya njano, aliona maandishi madogo chini ya picha ya mpira. Bonasi haitolewi mpaka uwe umeichezea mara ishirini. Akafungua mdomo.

"Unaona kichwa hiki?" mjomba alikuwa akiwaambia watu wa kwenye benchi. "Ni cha bibi yake kabisa! Huyu hadanganyiki!"

Jicho akaufunga mdomo. Jedwali halina nafasi ya jambo hilo, alijiambia. Akaandika chini: "Napendekeza ya njano."

Mjomba aliomba nakala, akaibandika juu ya kioo. "Utafiti wa mpwa wangu! Umepigwa rula!" Wateja wakausoma wakinyolewa, nao wakapakua ya njano. Siku ya kwanza ilikuwa kimya kweli. Siku ya pili ikaanza: bonasi yako inakwisha baada ya dakika kumi! Sasa mjomba alikuwa akicheza mbio mbio ili afikishe mara ishirini, na benchi zima likilia tin, tin, tin. Jicho aliziba masikio. Kelele zote alizozichukia kwenye simu ya mjomba zilikuwa zimezaliana, na mzazi wake ni yeye.

Jumamosi asubuhi akaingia mwalimu wa hisabati.

"Punguza pembeni tu, fundi. Jumatatu nina kikao cha wazazi."

Aliketi, akafungwa kitambaa shingoni, akainua macho kwenye kioo. "Mwandiko huu naujua," alisema.

Jicho alitamani kujificha kwenye ndoo ya nywele. Kabla hajajibu, simu ikalia.

"Ya kumi na tisa!" Mjomba aliinyakua kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye mashine, ukaendelea na safari yake peke yake. Ulipofika mwisho, kichwani mwa mwalimu palikuwa na kijia cheupe kutoka sikioni hadi utosini, kama njia ya ng'ombe katikati ya majani.

Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo.

"Fundi," mwalimu alisema taratibu, "nilisema pembeni."

"Samahani sana, mwalimu. Ni hii... ni bonasi."

"Bonasi ndiyo imeninyoa?"

Watu wa kwenye benchi waliuma midomo. Mwalimu hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikizungusha kiti akamtazama Jicho. "Mwanangu, maswali haya ni ya nani?"

"Ya mjomba, mwalimu. Na ya matangazo."

"Hukuona kingine chochote? Wewe, Jicho?"

"Niliona. Bonasi haitoki mpaka uichezee mara ishirini. Nikanyamaza."

"Uliona ukaninyamazia?" mjomba alishangaa.

"Ulikuwa unanisifu, mjomba. Na ningesema, ungeniambia nahubiri."

Jicho akachukua kalamu, akapanda kwenye stuli, akachora safu mpya kwenye karatasi ile ile. Juu yake akaandika: KUTOKA.

"Hiyo rahisi," mjomba alisema, akabonyeza palipoandikwa kufunga akaunti. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza kama kweli anawaacha. Ndiyo! Ikamwambia akibaki leo ataongezewa bonasi. Kidole cha mjomba kikasimama hewani.

"Yangu imenirudisha mwanzo," mtu mmoja alinung'unika kwenye benchi.

"Kuingia nilibonyeza mara moja tu," mjomba alisema kwa sauti ndogo. Alikitazama kile kijia kichwani mwa mwalimu. Akaitazama na nafasi iliyokuwa wazi kwenye benchi, walipozoea kukaa wateja wake wawili. Kisha akampa Jicho simu. "Soma wewe. Usiruke hata nukta."

Jicho alisoma kila neno kwa sauti. Mara tisa programu ilibembeleza, mara tisa mjomba akasema, "Endelea." Mwishowe akaunti ikafungwa, na kibanda kikawa kimya kiasi kwamba mashine ilisikika vizuri ikirudi kazini. Mjomba alinyoa kichwa chote, polepole, bila kuinua macho, mpaka kikang'aa.

Mwalimu akajipapasa. "Wahenga walisema akili ni nywele. Zangu zimekwisha leo, kwa hiyo nisikilizeni upesi kabla sijasahau." Watu wakacheka. "Anayeuza kitu hukufundisha maswali ambayo yeye atayajibu vizuri. Mchaguzi mwenye akili hutafuta lile ambalo muuzaji angependa lisiulizwe. Tena kati ya vitatu, anaruhusiwa kukataa vyote. Na wewe, mwanangu, ukishaliona jibu, liseme. Liseme hasa kwa unayempenda, maana huyo ndiye unayetaka asiumie."

"Nimesikia, mwalimu."

"Jumatatu ulete jedwali hili hili, na safu yake mpya. Na chini yake?"

Jicho aliikata ile sentensi ya mwisho kwa mstari wa rula. Badala yake akaandika: "Sipendekezi hata moja."

Kisha akachukua ufagio. Nywele za mwalimu zilikuwa nyingi, zimetapakaa hadi mlangoni, na Jicho hakukereka hata kidogo.

"Anayefuata!" mjomba aliita.