Mahali Sauti Haikurudi

Angekuwa mtu wa kungoja kesho, pengine haya yasingetokea. Lakini Mutisya mchongaji alikuwa mtu wa kazi iishe leo. Jioni hiyo ya Novemba, mwaka wa zile mvua za El Nino, alivaa akala zake za tairi, akavuka matope hadi soko la Kariokor, akanunua karatasi tatu za msasa, akarudi Majengo jua likizama. Kuta za udongo zilikuwa zimelowa hadi zikanuka, na mabati yalidondosha maji hata mvua ilipopumzika.

Mgeni alikuwa akimngoja ukumbini mwa nyumba ya wapangaji, kando ya mlango wake. Mwanamume mrefu, shingo imezungushiwa skafu ya sufi, kwapani amebana bomba refu la plastiki.

"Wewe ndiye Mutisya?"

Alinong'ona. Mutisya alidhani ni mafua. Mwezi ule nusu ya Nairobi ilikuwa na mafua.

"Ndiye mimi. Karibu ndani, ndugu. Pole na homa."

"Si homa," mgeni akanong'ona, akaingia.

Jina lake lilikuwa Wasike, mtumishi wa ofisi moja ya utafiti wa bahari. Alitoa ramani bombani, akaitandaza mezani. Ilikuwa picha ya sakafu ya bahari, kipande kimoja cha pwani ya kusini. Ofisi ilitaka kipande hicho kichongwe kwa mti, vilima na mabonde yake yote, ili Jumatatu wageni wa mkutano wakione na kukigusa. Mutisya akauliza wao walikionaje, ikiwa kiko chini ya maji.

"Kwa sauti," Wasike alisema. "Chombo kinatuma sauti chini. Inagonga sakafu, inarudi. Ikichelewa, ni kina kirefu. Ikirudi kali, ni mwamba. Ikirudi hafifu, ni tope au nyasi. Samaki wakipita tunawaona kama vumbi."

Mutisya alicheka kwa furaha. Hilo alilijua. Miaka thelathini alikuwa akigonga magogo kwa kifundo cha kidole kabla ya kuyanunua, akisikiliza wapi pameoza, wapi pana ufa, wapi mti ni mzima. Akamwona huyu bwana kama fundi mwenzake.

Akaweka kidole katikati ya ramani, mahali palipobaki peupe, duara la ukubwa wa kisahani cha chai.

"Na hapa?"

Wasike alitazama mlango kwanza.

"Tulituma sauti. Haikurudi."

"Ni kina sana?"

"Haikurudi," alirudia. "Hapo paache tambarare. Usichonge. Usipaguse hata kwa msasa."

Kisha akaaga. Jumamosi jioni angekuja kuchukua mzigo.

Sasa, kumwambia mchongaji usichonge hapa ni sawa na kumwambia mbuzi usile majani haya. Lakini Mutisya aliitikia, na kwa siku nne alitii. Kibanda chake cha kazi Gikomba kilikuwa kimejaa maji, kwa hiyo alichongea nyumbani, juu ya meza ya chakula. Bamba lilikuwa la muhugu, unene wake inchi nne. Mwana wao Mumo alikuwa kwa nyanya yake, na mkewe Kamene alikula ameketi kitandani bila kulalamika, na kazi ikiendelea yeye akiimba.

Kamene alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani Shauri Moyo. Akianza wimbo akifua nguo, watu njiani walipunguza mwendo. Jumapili hiyo askofu angekuja, na wimbo wa kwanza ulikuwa wa Kamene peke yake. Mutisya hakuwa mtu wa kusifu, lakini aliipenda sauti ile kabla hajamwona mwenyewe. Aliisikia nyuma ya ua, huko kwao Kitui, wote wawili wakiwa vijana, akakaa chini mavumbini mpaka wimbo ukaisha. Mpaka leo alikuwa hajapona.

Ijumaa magharibi kazi ilikuwa imekwisha. Matumbawe yalikuwa na vichwa vyake, mchanga umelainishwa, na malisho ya kasa ameyapiga mistari myembamba kwa ncha ya patasi, nyasi zikalalia upande mmoja kana kwamba maji yanapita. Katikati likabaki lile duara. Tambarare. Lilimkera macho.

"Watasema Mutisya alichoka," alijiambia.

Akagusa kidogo tu.

Muhugu ni mti mgumu, humtoa mtu jasho. Hapo ulikatika kama muhogo uliochemshwa. Patasi ikashuka, mkono ukaifuata, na kabla hajajua anafanya nini, palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Akatia penseli apime kina.

Penseli ikaingia yote.

Akatia rula ya futi moja. Ikaingia hadi kucha zake zikagusa mti. Akaichomoa upesi. Ilikuwa imelowa. Akainua bamba, akapapasa chini yake. Pazima, pakavu, laini.

Akagonga kwa kifundo. Upande huu: ko. Upande ule: ko. Akagonga ukingoni mwa tundu...

Kimya.

Hata mvua juu ya mabati hakuisikia. Alipoinua mkono, mvua ikarudi masikioni mwake yote kwa mara moja. Na harufu nayo ikaja. Chumvi. Mwani uliooza. Kitu kibichi, cha chini sana.

"Baba Mumo, hiyo bahari yako itaisha lini? Ugali inapoa." Kamene alikuwa amesimama nyuma yake na sahani mkononi. "Ai! Umetoboa kitu ya wenyewe?"

"Mama Mumo, toka hapo."

Lakini Kamene alikuwa mtu wa mzaha. Aliinama juu ya tundu kama mtoto juu ya mtungi, akacheka, akaita.

"Uuuuu!"

Sauti ikaingia. Mutisya aliisikia ikishuka. Ilishuka, ikashuka, ikawa nyembamba kama uzi, halafu ikakatika.

Kamene alinyooka, bado anatabasamu, akafungua kinywa kusema neno. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Akashika koo. Sahani ikaanguka.

"Baba Mumo," alinong'ona. "Sauti yangu."

Jumamosi asubuhi wapangaji wote walijua Kamene haongei. Fowsiya, mama yake Hibo, muuza vitambaa ambaye chumba chake kilipakana na chao, alileta tangawizi na asali. Akamtazama Kamene kooni, akanusa hewa ya chumba.

"Wallahi hii si mafua, Kamene. Hapa kunanuka bahari. Nimwite sheikh asome?"

"Ni mafua tu, Mama Hibo," Mutisya alidakia. "Ameshikwa na baridi."

Alijua kwa nini anadanganya. Ukiwa Mkamba Majengo, unaishi na utani wa uchawi. Dedan, kijana wa chumba cha mwisho, hakupita mlangoni pake bila kusema, "Niaje mzee wa Kitui, leo umeroga nani?" Wote hucheka, na Mutisya hucheka pamoja nao. Lakini mwaka uliopita, mtaa wa pili, utani kama huo uligeuka jioni moja, na vyombo vya mama mmoja vikatupwa nje na kuwashwa moto. Ndiyo maana alifunika bamba kwa shuka na kufunga mlango.

Wasike alikuja jua likishuka. Hakukaa. Alifunua shuka, akaona tundu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Ulichonga."

"Kidogo tu..."

"Nani ameita ndani?"

Kamene, aliyeketi kitandani, aliinua mkono.

Wasike alimtazama kwa huruma ya mtu anayejua. Polepole akafungua skafu yake. Shingo ilikuwa nzima, haina kovu wala uvimbe. "Mimi niliinama ukingoni mwa chombo," alinong'ona. "Mashine imekataa, wenzangu wanacheka. Nikapiga kelele jina langu, mzaha tu. Siku ya tatu nikaisikia sauti yangu nje ya nyumba. Ikamwita mama."

"Ikamwita afanye nini?"

"Ilimwita tu. Ikangoja." Alinyoosha kidole kwenye tundu. "Sisi tulituma sauti kuipima. Na yenyewe inapima. Ukiitika, inajua uko umbali gani."

"Mama yako aliitika?"

Wasike alifunga skafu upya, polepole, kama anayefunga mzigo.

"Waambie wote wanaoijua sauti ya mkeo," alinong'ona. "Leo hii. Wakiitwa, wasiitike."

"Basi kichukue kitu chako uende nacho!" Mutisya alifoka.

Lakini Wasike alikuwa tayari ukumbini, na miguu yake ikasikika ikikimbia katika maji ya nje.

Wakabaki wawili. Taa ya stima ilififia, ikarudi. Kamene alimshika mumewe mkono.

"Mwambie Mama Hibo. Yeye kwanza."

"Nitamwambia nini? Kwamba nina tundu mezani linalomeza watu sauti? Leo hii hii tutalala nje, Mama Mumo, na vitu vyetu vikiwaka."

"Mwambie."

"Kesho. Ngoja kwanza nimalize jambo hili."

Akatoa shoka chini ya kitanda. Alikuwa ameliinua hadi begani Kamene alipojitupa juu ya bamba kwa kifua chake.

"Imo humo," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Ukiipasua, nitaimba na nini?"

Mutisya alisimama na shoka lake. Mbele yake palikuwa na kitu asichokijua na mke anayemjua, na kati yao sauti ile aliyoikalia mavumbini ujanani. Moyo ukamshinda. Akalishusha shoka. Kama ni kumhukumu kwa jambo moja, si kwa hili.

Ndipo maji yakaanza kudondoka. Ndani ya mti. Tone... tone...

"Baba Mumo."

Ilitoka mezani, chini ya kifua cha Kamene. Sauti yake hasa, tamu, na kicheko kidogo pembeni. Kamene aliruka nyuma kana kwamba amechomwa. Kwa nusu pumzi kinywa cha Mutisya kilifunguka kwa mazoea ya miaka ishirini, na kiganja cha mkewe kikamziba.

Kimya. Kitu kilikuwa kikisikiliza. Mutisya alihisi usikivu ule ukipita chumbani, juu ya kitanda, juu ya jiko, ukitafuta.

"Baba Mumo? Kuja kidogo."

Wakashikana. Harufu ya chumvi ikajaa hadi macho yakawasha. Muda ukapita, mrefu kuliko ule wa kwanza. Mutisya akaanza kudhani imekata tamaa.

"Mama Hibo!"

Kamene alikakamaa.

Kwa miaka kumi na miwili wanawake hawa wawili walikuwa wakiitana kupitia ukuta ule wa udongo. Kuni, sindano, habari, kicheko. Hakuna aliyewahi kubisha hodi.

"Mama Hibo, uko na chumvi kidogo?"

Kamene alifungua kinywa, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote. Mishipa ya shingo ilimsimama. Haikutoka hata sauti ya panya. Akaupiga ukuta kwa ngumi, na udongo uliolowa ukameza kishindo. Akamgeukia mumewe, akamtikisa mabega, akamwonyesha ukuta. Yeye alikuwa na sauti. Neno moja lilitosha: usiitike. Hata nyamaza.

Mutisya alivuta pumzi. Na hapo akaihisi ikigeuka. Ule usikivu wote ukamwelekea yeye, ukakaa kimya usoni pake, ukingoja atoe chochote.

Alifunga kinywa.

"Niko nayo, Kamene!" Sauti ya Fowsiya ilipita ukutani, imejaa furaha. "Alhamdulillahi, umepona! Nakuja!"

Mlango wa jirani ukalia. Malapa yakaja ukumbini, chap, chap, juu ya sakafu yenye maji. Chap, chap. Yakakaribia mlango wao.

Hayakufika.

Kamene ndiye aliyekwenda kufungua. Ukumbi ulikuwa mtupu, taa inawaka. Chini, hatua mbili kutoka mlangoni, palikuwa na kibakuli cha plastiki chenye chumvi na malapa mawili ya buluu, yametanguliana kama mtu aliye katikati ya mwendo. Ukutani, kimo cha bega, udongo ulikuwa umelowa, na maji yalikuwa bado yanateremka.

Kutoka chumba cha jirani Hibo alimuuliza mama yake kwa Kisomali, "Hooyo?" Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Nyuma yao, mezani, ndani ya tundu, sauti za wanawake wawili zilianza kucheka.

Kamene hakugeuka kutazama meza. Alisimama mlangoni akimtazama mumewe, mtu pekee chumbani aliyebaki na sauti yake.