Kona ya Wasioamua

Ng'ombe aliyechongwa kwa siagi huwekwa nyuma ya kioo, ndani ya baridi, na kila Agosti watu wazima wenye akili zao hupanga foleni kwenye maonyesho ya jimbo ili wamtazame kwa heshima ambayo hawajapata kumpa ng'ombe wa kweli. Uchaguzi ukikaribia foleni hiyo hurefuka, maana wagombea urais nao huja. Seneta Casterline alikuja na buti mpya, bei ikiwa bado imebandikwa kwenye soli. Meya Penn aliiuma nyama ya nguruwe ya kijiti kama mtu anayeng'oa msumari kwa meno. Wote wawili waliapa mbele ya ng'ombe yule kwamba tangu utotoni wameyapenda mafuta ya gari yanayotengenezwa kwa mahindi. Watoto wengine hupenda peremende.

Katika foleni hiyo ndipo Amra Begić alipomkanyaga Wendell Koopman.

Wendell alikuwa muuza magodoro, mrefu, mwenye shati la drafti lililopigwa pasi mpaka likatii. Amra alikuwa akisafisha meno ya watu katika kliniki moja mjini Des Moines. Siku hiyo alivaa gauni la njano lisilo na mikono, miwani ya jua iliyomeza nusu ya uso, na kifuani beji kubwa kama kisahani: HALLOWAY.

"Samahani, kaka. Sikuuona mguu. Uko mbali mno na kichwa chake."

"Usijali. Umekanyaga kwa adabu."

"Ningejua una majibu ningekanyaga yote miwili."

Kabla Wendell hajatunga jibu la kiume, kamera ya televisheni ilimfikia. Mtangazaji, mwenye nywele ngumu kama kofia ya pikipiki, alimsogezea kipaza sauti. "Bwana, wewe ni raia wa kawaida. Utamuunga mkono nani?"

Wendell alikuwa amekwisha kumchagua Gavana Halloway tangu asubuhi, alipomsikia akihutubia. Lakini watu walikuwa wengi, taa ilikuwa kali, na dada wa gauni la njano alikuwa akimwangalia. Akaweka mkono kidevuni.

"Bado sijaamua."

Mbingu zikafunguka. Msaidizi wa Casterline alimletea maji ya limau. Meya Penn mwenyewe alikuja akamshika bega na kumwita "rafiki yangu Wendell," jina alilokuwa amelisoma kwenye beji ya duka la magodoro. Na Wendell, kwa kuwa ni mtu wa biashara, alielewa mara moja. Dukani kwake mteja aliyekwisha kuchagua hupewa risiti tu. Kahawa na biskuti ni za yule anayejilaza kwenye godoro la tano huku akiguna.

"Mwongo wewe," Amra alimwambia kamera ilipoondoka. "Nilikuona asubuhi. Gavana anahutubia, wewe mdomo wazi."

"Nilikuwa nakutazama wewe nyuma yake, umeshika kibao."

"Basi funga mdomo, nzi wa huku wanapenda siagi."

Wakala nyama ya kijiti pamoja. Kufikia Septemba walikuwa wapenzi, na kufikia Oktoba Wendell alikuwa mtu maarufu.

Haifai kuwalaumu wagombea peke yao, kwa kuwa walikuwa wamepata wapiga kura wanaowastahili. Bibi Trudy Vandersloot, jirani yake Wendell, alimpenda Penn kwa sababu alifanana na marehemu mumewe, ila huyu alikuwa na meno. Meneja wa duka la magodoro alichukia kodi na mashimo ya barabarani kwa pumzi moja, na hakuona kwa nini vitu hivyo viwili vikutane. Profesa mmoja wa chuo alikuwa na Casterline kwa ajili ya mpango wake wa bima ya afya, ambao hakuwa ameusoma, ila alisifu unene wake. Watu hao wote walikuwa na misimamo, kwa hiyo hakuna aliyewapigia simu. Wendell hakuwa na msimamo, na simu yake ilikuwa moto.

"Mpenzi, mbona simu yako haishikiki?" Amra aliuliza jioni moja.

"Nilikuwa na Seneta."

"Seneta mwenyewe?"

"Mwenyewe, asali wangu. Kaniuliza kitu gani kinaninyima usingizi. Nikamwambia mimi nauza magodoro, usingizi ninao."

"Na wewe ukamuuliza nini?"

"Kama vijana wake wataleta tena pai ya tufaha. Ile ya cheri ilikuwa na sukari mno."

Amra alicheka mpaka akakohoa. "Wendell, wewe ni mtu wa Halloway. Umeniambia mwenyewe, kwenye gari langu, ukiwa umekula."

"Na nitasimama nawe Februari, kona moja, bega kwa bega. Niache nile mpaka Februari tu."

"Haya, kula. Lakini kumbuka mimi ndiye nahodha wa kona ile. Usiponijia nitakusafisha meno bila ganzi."

Alikuwa akitania, ila si sana. Kwetu watu wa chama, wakimchagua mgombea wao wa urais, hawajifichi nyuma ya pazia na kalamu. Huenda kwenye ukumbi wa shule jioni ya baridi kali ya Februari, wakasimama kwenye kona ya mgombea wao mbele ya majirani, bosi, mkwe na mchungaji. Kona isiyofikisha kiwango cha watu huvunjwa, na watu wake hugombaniwa na kona nyingine kama nguo za mtumba. Amra alikuwa amegonga milango ya kata nzima tangu vuli kwa ajili ya kona yake. Alijua itafika kiwango kwa taabu.

Januari mtangazaji mwenye nywele za kofia alirudi, safari hii kwenye mkahawa wa pai, akiwa na meza nzima ya "wasioamua." Wendell alikaa katikati kama bwana harusi. Nyumbani kwa Amra, mama yake, Fikreta, alikuwa ameketi mbele ya televisheni na kahawa yake nzito, kwa sababu binti yake alimwambia: tazama, Mama, leo utamwona.

Amra aliingia mkahawani akitoka kazini, koti jekundu, theluji kwenye nyusi. Wendell akampungia mkono. Mtangazaji akanusa hadithi.

"Na huyu mrembo? Ni mchumba wako?"

Mdomo wa Wendell ulikuwa umezoea njia moja tu. "Bado sijaamua," alisema.

Mkahawa mzima ulicheka. Mpishi alicheka. Wendell mwenyewe alicheka kidogo, kisha akaona koti jekundu likigeuka mlangoni.

"Mpenzi, ulikuwa mzaha," alisema kwenye simu, alipopiga mara ya saba na kupokelewa.

"Mama alikuwa anatazama."

"Niombee msamaha kwake."

"Unajua alisema nini? Hakupiga kelele. Alizima televisheni, akasema: 'Kule Bosnia, wakati wa vita, walipokuja mlangoni kutuuliza tuko upande gani, hawakuja na pai. Huyu ana bahati ya kujibu bila kuogopa, naye anaifanyia mchezo.' Kisha akaenda kuosha kikombe."

Wendell aliinua mkono, kisha akaushusha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti kidevu chake kikose mkono.

"Usinipigie tena," Amra alisema, "mpaka uwe umesimama mahali. Popote. Hata kwa Penn."

Februari ilifika. Ukumbi wa michezo wa shule ulinuka makoti mabichi na soksi za watoto. Penn na Casterline walijaza kona zao, na biskuti pia. Kona ya Halloway ilikuwa na walimu wawili watatu, wauguzi, Mama Fikreta na kitambaa chake cha hariri shingoni, na Amra, mwenye sketi nyeusi na sauti iliyokauka. Kwenye kona ya nne, chini ya goli la mpira wa kikapu, walisimama wasioamua wachache. Wendell alikuwa mmoja wao, na sahani tatu za biskuti zilikuwa zimemzunguka. Kamera ilikuwa pale pale.

Mwenyekiti alihesabu. Wasioamua hawakutosha, kwa hiyo kona yao ingevunjwa. Halloway alipungukiwa na mtu mmoja.

"Amra, mfuate bwana wako!" muuguzi mmoja alimnong'oneza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

"Afadhali kona ife."

"Kona si yako peke yako, binti."

Hilo lilikuwa kweli. Amra akavuka ukumbi. Manahodha wa Penn na Casterline walikuwa wamefika mbele yake, mmoja akitoa hoja juu ya mikopo ya wanafunzi, mwingine akitoa keki ya karoti.

"Bwana Koopman," Amra alisema. Hakuwa amemwita hivyo kamwe. "Sina keki. Sitakuambia habari za bima wala mahindi, unazijua. Nimekuja kwa sababu kanuni inanitaka nije. Ukikaa hapa dakika mbili zaidi, watakurudisha nyumbani ukiwa hukusimama popote, na utakuwa umeshiba. Basi."

Akageuka, akarudi zake.

Bibi Trudy alimsogezea Wendell sahani. "Chukua, mwanangu. Uje kwa Penn. Nimekuokea pai tangu Oktoba."

Wendell aliitazama pai. Ilikuwa ya tufaha. Akairudisha.

"Bibi Trudy, nisamehe. Niliamua tangu Agosti."

"Tangu lini?"

"Agosti. Kabla ya pai ya kwanza." Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti, na Wendell, badala ya kukikimbia, akakisemea. "Ni Halloway. Nilikuwa nadanganya kwa ajili ya chakula na simu. Na yule mwenye sketi nyeusi ni mpenzi wangu, na hilo pia lilikwisha kuamuliwa Agosti."

Ukumbi haukupiga makofi. Ukumbi ulizomea. Watu wanaweza kumsamehe mgombea aliyewadanganya miaka minne, lakini mtu aliyekula pai yao kwa hila hana msamaha. Nahodha wa Casterline alidai sahani yake. Bibi Trudy alidai zote. Wendell alivuka ukumbi mzima, masikio yakiwa mekundu, biskuti moja ikimgonga mgongoni, mpaka akasimama katika kona ya Halloway. Hakuna aliyemsogelea. Mwenyekiti alihesabu upya. Kona ilifika kiwango.

Asubuhi iliyofuata, kabla watu hawajamaliza mayai yao, Gavana Halloway alijitoa kwenye kinyang'anyiro na kumuunga mkono Seneta Casterline, ambaye Gavana huyo alikuwa amemwita tapeli Jumapili.

Simu ya Wendell ilikufa kifo cha ghafla. Hakuna seneta, hakuna meya, hata wauza bima hawakupiga. Jumamosi aliivaa suti yake ya pekee, akaenda nyumbani kwa akina Begić, akapiga goti jikoni juu ya vigae vilivyolowa theluji ya viatu vyake.

"Amra, gavana wetu katukimbia, majirani hawanisalimii, na meneja amesema nimewaharibia wateja. Nimebaki na pete hii na magodoro. Utanioa?"

"Wanaume ndio wanaooa, mjinga wewe. Simama, unalowa." Macho yake yalikuwa yamelowa zaidi ya vigae. "Mimi niliamua kabla yako. Pale kwenye foleni, mguu wako niliuona vizuri sana."

Wakageuka wote wawili kumtazama Mama Fikreta. Alikuwa mezani na kahawa yake. Alimkagua Wendell kuanzia viatu mpaka nywele, bila haraka, kisha akaweka mkono kidevuni.

"Mimi," alisema, "bado sijaamua."

Akamsukumia Wendell sahani tupu.

Wendell akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akauliza unga uko wapi.