Pilau ya Wasiwasi

Specioza alimfunua mgebuka matamvua kwa ukucha wa kidole gumba, akanusa, akamrudisha juu ya meza.

"Huyu ametoka ziwani Ikola lini?"

"Jana jioni, dada."

"Juzi. Nipe mwingine."

Soko la Mpanda lilikuwa limejaa. Bodaboda zilipita katikati ya wanunuzi zikipiga honi, na barafu ya wauza samaki ilikuwa ikiyeyuka na kuwalowesha watu miguu. Nyuma yake mtu alicheka.

"Dada, unamnunua au unamfanyia uchunguzi?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la bluu limepauka mabegani, kucha zina weusi wa grisi uliogoma kutoka. Specioza alikuwa ametoka kazini, maabara ya maji, gauni la kitenge cha kijani, miwani imepandishwa kwenye nywele.

"Kila ninachonunua nakichunguza," alisema.

"Na watu?"

"Watu ndio zaidi."

"Basi nichunguze na mimi. Naitwa Methusela, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Nimetoka Usevya leo asubuhi, siyo juzi."

Mwenye meza alicheka mpaka akaweka kisu chini. Specioza hakucheka, ila namba ya simu alitoa. Kabla ya kuitoa alikuwa ameshamtazama kidole. Hakikuwa na pete, wala alama ya pete.

Alikuwa na sababu ya kutazama. Polycarpe, aliyekuwa mchumba wake kabla ya hapo, alimficha mke Sumbawanga kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo yote Specioza alipuuza vitu vidogo alivyoviona kwa macho yake. Baada ya hapo alijiwekea kanuni: moyo unasema chochote, macho yanasema kilichopo.

Lakini macho hayaoni Usevya kutoka Mpanda. Methusela alikuwa huko siku nyingi kuliko alivyokuwa mjini, na simu yake ilikuwa inapatikana inapotaka. Kila ilipokosekana, kifua cha Specioza kilibana kama nguo iliyorudi. Hapo aliingia jikoni.

Alianza na mchele. Aliumwaga kwenye ungo, akaupepeta, akachambua chenga na mawe moja moja. Kisha vitunguu, akivikata vyembamba mpaka mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo. Mafuta yalipochemka na vitunguu vikaanza kuiva, harufu ilijaa uani, na mkono ukashika mwiko, na kichwa kikabaki na swali moja tu la kujibu: je, vimefika rangi ya kahawia au bado? Swali hilo lilikuwa na jibu. Pumzi ilishuka. Kufikia wakati wa kufunika sufuria na kuweka mkaa juu ya kifuniko, alikuwa anaimba.

Jirani yake Happiness, waliyepanga naye nyumba moja, alikuwa ameshajifunza kusoma harufu.

"Shosti, leo kimetokea nini?"

"Simu yake haipatikani tangu mchana."

"Na hicho unachokaanga?"

"Sambusa."

"Mungu ambariki huyo kaka. Akizima simu wiki nzima tutakula ng'ombe."

Jumapili Methusela alikuja, amepiga pasi, amenyoa, mkononi kifuko cha mchele mpya wa Usevya. Alikula sambusa, akala pilau, akafungua kifungo kimoja cha shati.

"Spe wangu," alisema, "mwanamke hampikii hivi mtu asiyempenda."

Specioza alimwongezea kachumbari. Alikuwa anamtazama anavyokula, kwa sababu mtu aliyekwisha kula kwa mwanamke mwingine hubakiza. Methusela hakubakiza.

Mambo yakaenda hivyo. Methusela aliposahau siku ya kuzaliwa ya Specioza, alipikiwa maandazi ya iliki na maharage ya karanga. Aliposema anakwenda Ikola na hakueleza anakwenda na nani, kisamvu kilitwangwa mpaka viganja vikatoa malengelenge. Mashavu ya Methusela yalijaa. Rafiki zake walimpongeza.

Kisha ikaja ile simu ya Jumamosi jioni. Walikuwa wanaongea vizuri, Methusela anamtania kwamba mgebuka wa sokoni bado anamlalamikia, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema, "Methu, njoo ule kabla hakijapoa."

"Nani huyo?"

"Ni mama mwenye mashine. Nitakupigia, mpenzi."

Sauti ya kike, jina la mkato, chakula cha moto. Specioza alichinja kuku usiku huohuo. Jumapili Methusela alimla mpaka mifupa, akafumba macho.

"Hii sasa," alisema, "ni ndoa."

Wiki iliyofuata kazi ilimpeleka Usevya kuchukua sampuli za maji ya visima. Hakumwambia Methusela. Alipomaliza visima aliulizia mashine, akaingia bila kupiga hodi.

Alikuta miguu miwili inatokeza chini ya mashine, na juu ya gunia la pumba mama mmoja wa Kisukuma, nywele nyeupe, anachambua mboga.

"Karibu, binti. Unatafuta kukoboa?"

"Namtafuta fundi."

Mama alimpima toka viatuni hadi kwenye miwani. "Wewe ndiye Specioza. Mimi Nyanzala. Huyu kijana ananichosha na habari za kisamvu chako. Nikimpikia ugali anaula kama mtu aliyefungwa jela."

Methusela alichomoka, uso mweusi kwa grisi, meno yote nje. "Mama, si ilikuwa siri?"

Sauti ya mama huyo ilikuwa ileile ya kwenye simu. Umri, kazi, mahali, vyote vilikuwa kama alivyoambiwa. Specioza alirudi Mpanda na chupa zake za maji, na usiku huo alilala kama gogo.

Jumapili alipika ugali na dagaa.

Jumapili iliyofuata, ugali na mlenda. Ya tatu alichemsha mihogo, akamimina chai, akakaa karibu naye, kichwa begani. Hakumtazama anavyokula. Hakuwa amewahi kutulia namna hiyo na mwanamume, na alidhani inaonekana.

Methusela alimaliza muhogo wake polepole. "Kazi nyingi siku hizi?"

"Hapana. Ya kawaida tu."

"Aha."

Katikati ya wiki Methusela alitokea bila taarifa. Aliingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili, akachungulia kapu la vitunguu.

"Unatafuta nini?"

"Ushahidi."

"Wa nini?"

"Miezi minane nimekula pilau, sambusa, kuku. Umekuja Usevya, umeniona na grisi yangu, na toka siku hiyo nakula muhogo. Sasa niambie, Spe. Ile pilau anakula nani?"

Specioza alitaka kucheka, akaona alivyokikamata kifuniko kwa mikono miwili. Mtu mwingine angetafuta maneno laini. Yeye alimpa ukweli.

"Hailiwi na mtu. Nikiwa na wasiwasi napika. Nikiwa na amani nachemsha mihogo."

"Pilau ya Pasaka?"

"Ulizima simu."

"Kisamvu?"

"Ulikwenda Ikola na mtu nisiyemjua."

"Na kuku?" Sauti ilikuwa imeshuka. "Kuku niliyesema ni ndoa?"

"Nilisikia sauti ya Mama Nyanzala."

Methusela alirudisha kifuniko taratibu, kikakaa sawasawa. "Kwa hiyo nilivyokuwa nashiba, nilikuwa nashtakiwa. Siku zote hizo nilikuwa natangaza kijiweni kwamba napendwa."

"Methu."

"Nimekusikia, dada."

Hilo "dada" ndilo lililomuumiza. Hakumwita hivyo tangu sokoni.

Simu yake haikupatikana siku hiyo wala zilizofuata. Specioza alimwaga mchele kwenye ungo, akapepeta, akakata vitunguu. Mafuta yalichemka. Vitunguu vilifika rangi ya kahawia, vikapita, vikaungua, na kifua kilikuwa bado kimebana. Happiness alikuja kuangalia moshi, akaepua sufuria, akazima jiko.

"Nilikuwa nafurahia sambusa, sikukwambia ukweli," alisema. "Unapika ili usimuulize."

Jumapili jioni hodi iligongwa. Methusela alikuwa mlangoni, shati limekunjamana, mashavu yamepungua. Alivuta hewa kwa mazoea.

"Hujapika."

"Sijapika." Alishika mwimo wa mlango. "Naogopa, Methu. Naogopa kwamba umekuja kuaga. Na sijapika."

Methusela alimtazama kama fundi anayesikiliza injini. Kisha alikunja mikono ya shati.

"Kaa," alisema. "Unga uko wapi?"

Ugali ulitoka na madonge, chini umeungua. Dagaa walikuwa na mchanga. Walikula kutoka sahani moja, na Specioza, aliyemrudisha mgebuka wa watu kwa kosa la siku moja, alimega tonge lingine.

"Jumamosi," Methusela alisema akiangalia ukoko, "baba mdogo anakuja na Mama Nyanzala. Wanataka kujua nyumbani kwenu barua ya posa ipelekwe wapi. Kama utawakubali."

"Nitawakubali. Niwapikie nini?"

"Mlenda. Nikikuta pilau, naondoka nao palepale."

Jumamosi Happiness alisimama uani na mikono kiunoni. "Wakwe na mlenda? Utatuaibisha."

"Waache wajionee," Specioza alisema.

Methusela alifika akiwatangulia wazee, akaingia jikoni, akaanza kufunua. Ugali. Mlenda wa karanga. Dagaa waliooshwa wakaoshwa tena. Alikuwa anatabasamu mpaka alipoona, nyuma ya ndoo, sufuria ndogo ya kuchemshia chai imefunikwa na mkaa juu yake.

"Na hii?"

"Kidogo tu." Specioza alivua miwani, akaifuta na upindo wa kanga. "Jana uliacha simu ikaita mpaka ikakatika."

"Nilikuwa kwa kinyozi."

"Sasa najua."

Sauti za wazee zilikuwa zimefika mlangoni. Methusela alifunua sufuria, akala ile pilau yote kwa mkono, amesimama, mpaka ukoko, kisha akaisuuza na kuitundika ukutani.