Kifurushi cha Mwanamize

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Jaribu alipanda baiskeli yake kutoka Wawi kwenda hospitali ya serikali, alikokuwa mpishi. Saa moja uji wa wagonjwa ulikuwa tayari. Sasa ilibaki miaka miwili astaafu.

Siku moja alirudi amenuna. Jirani yake, Bi Buthaina, alikuwa anaanika karafuu uani. Bibi huyu alifanya kazi katika mfuko wa mafao ya uzeeni.

"Mbona uso huo, Mzee Jaribu? Uji umeungua?"

"Nimeungua mie! Ati hata nikifika siku ya kustaafu, miaka yangu ya kazi haitoshi. Itapungua mitatu. Nitapewa fungu dogo mara moja, basi. Pensheni ya kila mwezi sipati."

Bi Buthaina akaacha karafuu zake. "Kabla ya hospitali ulifanya kazi wapi?"

"Kijijini Ole, kwenye chama cha ushirika. Nilipima karafuu miaka minne. Wale mabwana hawakunichangia hata senti."

"Basi miaka hiyo unaweza kuinunua."

Jaribu akacheka kwa uchungu. "Miaka nayo inauzwa? Inashushwa bandarini Wesha na magunia ya mchele?"

"Sikiliza kwanza. Siku hizi mtumishi wa umma anaruhusiwa kulipia michango ya kazi yake ya zamani, kama haikuchangiwa. Akishalipia, miaka ile inaongezwa kwenye utumishi wake. Unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Lakini uombe kabla hujastaafu. Ukishatoka, huwezi tena."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Tangazo lipo tangu mwaka jana."

Kweli lilikuwepo. Wakubwa wa hospitali walilibandika ofisini kwao, nyuma ya mlango, mahali ambapo mpishi haingii ila akiitwa kugombezwa.

"Wanataka nini?" aliuliza Jaribu.

"Barua ya kuajiriwa, na karatasi za mshahara. Maneno matupu hayakubaliwi."

Jaribu akazikumbuka karatasi zake. Chama kilipokufa, yeye alitaka kuziwashia moto karatasi zile. Mkewe, Mwanamize, alimnyang'anya akazificha kashani mwake. Mwanamize alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya arobaini, Jaribu alilitoa kasha lile sadaka, pamoja na kanga zake zote, kwa shemegi yake Mwanawema. Hakulifungua. Mkono ulimkataa.

"Zimo kashani mwa marehemu. Sasa nikadai sadaka niliyoitoa mwenyewe?" alisema. "Nitaiweka wapi sura yangu?"

"Nenda ukaombe. Au kaa na sura yako bila pensheni."

Ijumaa, Jaribu akaenda Ole. Mwanawema alikuwa mlangoni anamenya muhogo.

"Shemegi! Leo jua limetokea wapi?"

"Nimekuja kwa jambo la aibu. Lile kasha..."

"Ala! Umelijutia?"

"Kasha ni lako, wallahi. Nataka karatasi zilizomo tu."

"Karatasi hamna. Mna kanga, na hirizi."

"Hirizi gani?"

Mwanawema aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa pande zote. Alikishika kwa ncha za vidole. "Mie sikuthubutu kukifungua. Nikasema dada alikufunga nacho, ndiyo maana mpaka leo huoi!"

Jaribu alifumua uzi kwa kisu cha muhogo. Ndani mlikuwa na barua ya kuajiriwa na karatasi zote za mshahara, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Zilinukia udi. Mwanamize hakujua kusoma, lakini hakupoteza hata moja.

"Alinifunga kweli," alisema Jaribu, na machozi yakamtoka.

Bi Buthaina alimsaidia kujaza fomu. Mfuko ukakubali. Kwa miaka miwili Jaribu alikatwa mshahara wake. Samaki walipungua mezani, naye hakunung'unika. Alipostaafu, pensheni ikaingia mwezi wa kwanza, ikaingia na wa pili. Wapishi wenzake wawili wakamwendea Bi Buthaina na karatasi zao. Hawakungoja kuitwa ofisini kwa wakubwa ndipo walione tangazo nyuma ya mlango.

Jaribu akaichukua barua ya pensheni, akaitia katika kitambaa kile kile, akakishona mwenyewe. Mshono ulikwenda upande. Akakipeleka Ole.

"Nirudishie hiki kashani, shemegi," alisema. "Hapo ndipo alipopachagua mwenyewe."