Siku Enock Alipopelekwa Mpirani

Kila Jumamosi Asteria aliamka kabla mama yake hajamwita. Alichota ndoo mbili za maji bombani, akakoroga uji, kisha akamfunga mdogo wake Enock mgongoni kwa kitenge na kwenda naye shambani kupalilia pamba. Enock alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa ameanza kutembea vizuri, na kila alichokiokota alikipeleka mdomoni. Baba yao alikuwa machimboni, upande wa Geita, na simu yake ilipatikana mara chache. Kwa hiyo kazi zote za nyumba ile, nje kidogo ya Mhunze, zilikuwa za Mama Asteria na binti yake wa darasa la sita.

Ilikuwa mwezi wa tatu, na wadudu walikuwa wameingia kwenye pamba. Dawa ya kupulizia haikutosha msimu ule, hivyo majirani waligawana. Aliyekuwa na chupa nzima alimmiminia mwenzake nusu, katika chombo chochote kilichokuwa karibu. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, mama aliegemea jembe lake na kusema, "Asteria, nenda kwa Mzee Magesa akupe ile nusu ya dawa. Nenda na Enock, jua hili linamtesa. Halafu urudi moja kwa moja. Usipite mpirani, umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mtoto mdogo hapelekwi kwenye vurugu ile."

Mzee Magesa alikuwa jirani yao wa pili. Asteria alimkuta akisafisha bomba lake la kupulizia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mayu," mzee aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mama yako amemaliza palizi?"

"Bado mistari miwili."

Mzee alichukua chupa tupu ya soda ya machungwa, akamimina humo dawa nyeupe yenye harufu kali. Akaifunga. "Ishike wima, kizibo hakifungi vizuri. Ukifika mpe mama mkononi."

Asteria aliiweka chupa katika kikapu na kuanza safari ya kurudi.

Njia ilipita kando ya uwanja wa shule. Siku hiyo ilikuwa fainali, na mshindi angepewa dume la ng'ombe. Dume lenyewe lilifungwa nyuma ya goli, likitafuna majani kana kwamba mchezo ule haukulihusu. Asteria alikaza mwendo. Ndipo rafiki yake Chausiku alipomwona.

"Asteria! Njoo! Ni moja moja, zimebaki dakika kumi!"

"Nina mtoto."

"Kwani mtoto hana macho? Naye aangalie!"

Watu wakacheka. Asteria naye akacheka, akasogea kidogo. Dakika kumi si nyingi, alijiambia.

Pale pembeni ya uwanja watu walisukumana. Vumbi lilipanda hadi usoni. Enock alibanwa, akaanza kulia, jasho likamtoka shingoni. Asteria alimfungua, akatandika kitenge chini na kumkalisha juu yake, kikapu kikiwa kando. Hakufikiria kikapu kile kilikuwa na nini.

"Kipa wenu anadaka upepo!" mtu mmoja alipiga kelele.

"Subiri uone! Ng'ombe huyu mtamsindikiza kwa macho tu!"

Mwamuzi alipuliza filimbi. Penalti! Umati wote ukasimama kimya. Mpira ukaenda kushoto, kipa akaruka kulia, na watu wakamiminika uwanjani wakiruka na kushangilia. Asteria na Chausiku walikimbia pamoja nao. Labda hatua ishirini, si zaidi.

Aliporudi, Enock alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili. Kizibo kilikuwa juu ya kitenge. Kidevu chake kilikuwa cheupe, na alikuwa akikohoa.

Asteria aliinyakua chupa. Alimbeba mtoto hadi kwenye bomba la shule, akamsukutua mdomo, akamvua shati lililonuka dawa na kulifua haraka haraka.

"Kamwambie mama yako," Chausiku alisema. Sasa hakuwa akicheka.

"Atanichapa. Atajua nilipita huku."

"Mwambie hivyo hivyo."

"Amelamba tu. Hajanywa," Asteria alisema. Alisema hivyo mara mbili, mpaka akakaribia kuamini.

Nyumbani alimkuta mama amekwisha kutoka shambani, akampa chupa, kizibo kimefungwa. Mama aliiweka juu kabisa, chini ya bati. "Mbona shati limelowa?"

"Amejimwagia maji bombani."

Haukupita muda mrefu Enock akaanza kutoa mate mengi. Alitapika. Machozi yalimtoka ingawa hakuwa analia, na mwili ukalegea kama nguo iliyolowa. Mama akamshika paji la uso.

"Asteria, mtoto amekula nini?"

"Hajala kitu, mama."

"Basi hii ni malaria." Mama akamkanda kwa kitambaa cha maji. Alimkanda, akamnywesha maji kwa kijiko, akasubiri. Mtoto alipoanza kutetemeka misuli, mama akatoka mbio barabarani kutafuta pikipiki.

Njiani Asteria alikaa nyuma kabisa, ameshika mgongo wa mama yake. Aliomba kimoyomoyo: Mungu, mponye Enock, na mama asijue. Akarudia tena: mponye, na mama asijue.

Hospitalini walimkuta daktari aliyeitwa Abel. Alimmulika mtoto machoni, akasikiliza kifua chake. "Mboni zimekuwa ndogo mno," alisema. "Mama, nyumbani mna dawa ya pamba?"

"Ipo, daktari, lakini imeletwa leo hii hii. Imefungwa na iko juu. Mtoto hajaigusa, naapa mbele za Mungu."

Daktari alimmulika mtoto machoni tena. "Kama ni sumu, kuna sindano nimchome sasa hivi. Kama ni ugonjwa mwingine, sindano hiyo inaweza kumdhuru. Nataka kuwa na uhakika. Nani alikuwa na mtoto leo?"

Mama aligeuka, akamtazama binti yake. Asteria alijaribu kuomba tena, lakini maneno yalikwama. Aliona kwamba alikuwa akimwomba Mungu mambo mawili, na hayo mawili hayawezi kwenda pamoja.

"Amekunywa," alisema. "Nilimpeleka mpirani. Nilimwacha na kikapu. Alikunywa ile dawa, mama, nikamwosha."

Tayari daktari alikuwa akimwita muuguzi.

Walimchoma sindano moja, kisha nyingine, na nyingine tena. Kabla jua halijazama Mzee Magesa, aliyepigiwa simu na mama, alifika kwa baiskeli, ameleta chupa yenye karatasi ya maelezo ili daktari asome jina la sumu. Aliikabidhi na kusimama mlangoni, kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyeimimina kwenye chupa ya soda," alisema. "Mtoto ameona soda. Angejuaje?"

Kwa siku mbili Enock hakufungua macho. Mama alipiga magoti kando ya kitanda, na Asteria alipiga magoti kando yake. Safari hii aliomba jambo moja tu.

Siku ya tatu mtoto alifungua macho na kulilia uji. Sauti yake ilikuwa ndogo, na miguu ilikuwa bado haina nguvu. Daktari Abel alimpima, akavuta kiti mbele ya mama, Asteria na Mzee Magesa aliyekuja kuwajulia hali.

"Atapona," alisema. "Mzee Magesa, dawa ya shambani ibaki kwenye chupa yake. Kama ni kugawana, mkapulizie pamoja. Na wewe, Asteria, kwenda mpirani si dhambi. Lakini ukibeba mtoto, macho yako ni yake. Na baada ya kukosea, ulikaa kimya zaidi ya saa moja. Saa ile haikuwa yako. Ilikuwa ya Enock, na tulikaribia kumpoteza ndani yake."

Asteria aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa unaniogopa mimi?" mama aliuliza taratibu.

"Ndiyo, mama."

Mama alimshika binti yake bega. "Basi nami nina la kurekebisha. Nikikuuliza habari za mtoto, nijibu kweli, hata kama umekosa. Kwanza tumwokoe yeye. Mengine tutazungumza baadaye."

"Nitajibu, mama."

Mama alichukua kitenge, akamwinua Enock kitandani na kumfunga mgongoni mwa dada yake. Alilikaza fundo mara mbili, kisha wakatoka nje pamoja ili mtoto apate hewa.